Jiwe Lililoomba Kalamu

Haya yote ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa kwa meno yangu, ambayo Mungu ameniachia kamili, juu na chini, hakuna hata moja lililotikisika. Na mtu akinikuta na uongo humu ndani, hata uongo wa ukubwa wa punje ya uwele, natoa kalamu mbele ya mashahidi. Nimeandika, na sifuti. Tuendelee.

Simu ya Dada Rebeka ilimkuta Kashindye Mayala Jumatatu saa nne asubuhi, chumbani kwake Nyakato, anajipima kitenge kipya mbele ya kioo cha ukutani. Kitenge kilikuwa cha siku ya kuzindua kitabu. Rebeka alikuwa mhariri wake, wa kampuni moja ya vitabu huko Dar es Salaam, mama mmoja ambaye hata akikasirika huanza na samahani. Siku hiyo samahani aliisahau.

"Kashindye, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, dada. Mashine za kuchapa zimewashwa?"

"Zimezimwa."

Kashindye akakaa kitandani, kitenge kikiwa nusu kimefungwa.

"Kuna mtu anaitwa Gidion Okal," Rebeka akasema. "Unamjua?"

"Simjui."

"Yeye kitabu chako anakijua. Anasema ni chake."

Huyo Gidion alikuwa mwalimu wa tuisheni pale Kirumba, mzaliwa wa Rorya. Miaka mitatu nyuma aliandika riwaya ya vijana akaipeleka kwenye shindano, haikushinda, akabaki na nakala yake yenye mhuri wa tarehe. Sasa Kashindye alipoweka mtandaoni sura ya kwanza ya kitabu chake kipya, kuwatia wasomaji hamu, Gidion akaisoma akasimama wima darasani mbele ya wanafunzi. Kulikuwa na jiwe la kando ya ziwa linaloamka na kulinywa ziwa lote. Kulikuwa na mtemi anayelala jicho moja wazi. Kulikuwa na kambare anayesinzia katikati ya sentensi yake mwenyewe. Vyote vitatu vilikuwa kwenye nakala ile yenye mhuri.

"Dada, mimi sijaiba," Kashindye akasema. "Nimeandika kwenye utangulizi. Ni simulizi ya kale ya Wasukuma, nimesimuliwa na mjomba wangu."

"Basi nionyeshe hao Wasukuma. Mkurugenzi amesema hivi: Alhamisi nakuja Mwanza. Ukituonyesha hadithi umeitoa wapi, mashine zinawashwa. Ukishindwa, hiki hakitoki, na kile cha kwanza tunakiondoa madukani. Sitaweza kukusaidia tena, mdogo wangu. Nimeshakusaidia mpaka nimesemwa."

Simu ikakatika. Kashindye akakitazama kitenge kama mtu aliyevalishwa nguo ya marehemu.

Ili uelewe kilichokuwa kinamtoka mikononi, lazima ujue alivyokipata. Kashindye ni jina la mtoto anayewafuata mapacha, na hawa kaka zake Kulwa na Doto walikuwa wameshamaliza maneno yote ya nyumbani. Yeye akabaki kusikiliza. Alipofika darasa la sita alianza kuandika hadithi kwenye daftari za hesabu, nyuma ya hesabu zenyewe, na wenzake wakawa wanamfanyia zamu ya kufagia ili wasome wa kwanza. Akaenda kusomea ualimu pale Butimba, akamaliza, ajira ikawa haionekani. Akaingia kiwanda cha samaki Nyakato, buti nyeupe mpaka magotini, kofia ya nailoni, vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Mapumziko ya dakika ishirini wenzake walikula. Yeye aliandika kwenye simu, kwa kidole gumba, sura moja kila wiki, akairusha kwenye kundi la WhatsApp.

Kundi likajaa, akafungua la pili, nalo likajaa. Wasichana wa shule kuanzia Magu mpaka Sengerema wakaanza kufunga uzi wa bluu mkononi kama shujaa wake, binti anayelinda mawe ya ziwani. Walimu wakadhani ni dini mpya. Ndipo Dada Rebeka akasikia, akampigia, na kitabu cha kwanza kikatoka: *Mlinzi wa Mawe Matatu*. Kiliposhika soko, kampuni ikataka cha pili, *Ziwa Lililonywewa*, na Kashindye akavua zile buti nyeupe akaapa hazivai tena. Kwa hiyo kilichokuwa hatarini kilikuwa jina lake, basi. Mwandishi akishaitwa mwizi, nani atamfungulia tena daftari?

Jumanne asubuhi sauti ikaingia kwenye simu yake. Ilikuwa ya binti wa miaka kumi na minne, Princess, ambaye ndiye aliyeanzisha ule uzi wa bluu. "Da Kashindye, shikamoo. Huku wanasema umeiba. Mimi nimewaambia siyo. Nimewaambia vizuri, Da Kashindye?"

Aliisikiliza mara nne. Hakujibu. Akachukua mkoba akaenda Butimba kwa mjomba wake.

Mjomba huyo anaitwa Mzee Nkwabi. Ni mtu mrefu, mtanashati, mwenye sauti nzuri na heshima kubwa mtaani, mstaafu wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, ambako alitunza stoo kwa miaka thelathini bila kupotea hata gunia. Shule hakwenda sana. Elimu yake aliipata kwa kusoma magazeti ya kufungia misumari. Wapo wenye wivu wanaosema ni mfupi. Hao tuwaache.

"Shikamoo, mjomba."

"Malahaba, mama. Kalibu, kalibu. Mbona uso kama uji uliopoa?"

Akamweleza yote. Mzee Nkwabi akasikiliza huku anakuna kidevu. Kashindye alipofika kwenye jina la Gidion, mkono ukasimama kwenye kidevu kidogo, kisha ukaendelea kukuna.

"Mjomba, nataka kujua kitu kimoja. Lile jiwe ni la wazee kweli?"

"La wazee kabisa! Babu yangu alisimuliwa na babu yake. Unaniona mimi ni mtu wa kutunga?"

"Nani mwingine anaijua?"

"Wote. Nenda Bujola. Muulize Mzee Shimba, fundi wa ngoma, jilani na makumbusho. Huyo ndiye kichwa cha Wasukuma wote. Akisema ndiyo, hata selikali inasema ndiyo."

"Utanisindikiza Alhamisi?"

"Niko nyuma yako, mwanangu. Kama kivuli."

Alimtaja Mzee Shimba kwa nia njema kabisa. Kwamba alikuwa amesikia Shimba amehamia Kahama, hilo ni jambo jingine.

Kashindye akarudi Nyakato na kifua kimepungua uzito. Akampigia Rebeka: tutaenda Bujora, mlete na huyo Gidion, wazee watasema wenyewe. Jumatano jioni akampigia mjomba kupanga safari. Simu ikaita ikaita mpaka ikachoka. Alhamisi asubuhi na mapema akapita Butimba kumchukua. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani, Mama Sabina, anayefuga bata mzinga, alikuwa anawamwagia pumba, na alijibu bila kuinua macho.

"Ameenda Ukerewe. Kung'oa jino."

"Ukerewe? Mwanza nzima hii hakuna wa kung'oa jino?"

"Anasema kuna daktari huko ana mkono mwepesi."

Na hili nalo ni kweli. Lilikuwa jino la nyuma, upande wa kushoto, limetoboka kama filimbi, na usiku kucha lilikuwa linampigia wimbo. Daktari wa Ukerewe alilitoa kwa kulisemesha tu. Lakini Kashindye hakuwa na nafasi ya kulihurumia jino. Alisimama pale kibarazani anatazama kufuli, kisha akaenda peke yake kuwakuta Rebeka na Gidion.

Gari ya kukodi ikawachukua watatu. Rebeka alikaa mbele na mkoba mapajani. Nyuma walikaa Kashindye na Gidion, na kati yao nakala yenye mhuri ndani ya faili la plastiki, kama mtoto ambaye wazazi wake wanaachana. Gidion alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, miwani, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Dada yangu," akasema walipoipita Igoma, "mimi sina ugomvi na wewe. Nataka tu changu."

"Changu na changu, kaka. Tutasikia huko mbele."

"Umesoma wapi nakala yangu? Mle kwenye shindano una ndugu?"

"Mimi ndugu zangu wamekaa kwenye samaki. Hawajawahi kukaa kwenye shindano."

"Basi labda samaki wamekusomea. Kambare anayesinzia!"

"Jamani," Rebeka akasema bila kugeuka. "Tufike kwanza."

Wakafika. Na Mzee Shimba alikuwepo. Alikuwa amerudi kutoka Kahama mwezi mzima uliopita, mzima wa afya, ameketi barazani kwake na ngoma mapajani, anavuta ngozi mbichi na kuikaza kwa vigingi.

"Mwangaluka, babu. Shikamoo," Kashindye akasema, amepiga goti.

"Marahaba. Mwangaluka, mwanangu. Kaeni. Msinisemeshe mpaka nimalize kigingi hiki, ngozi ikilegea ngoma itaimba kama mbuzi."

Wakakaa. Vigingi viligongwa kimoja kimoja, ko, ko, ko, na kila kimoja Kashindye alikisikia kwenye meno. Hatimaye mzee akaweka nyundo chini. Kashindye akasimulia. Alisimulia vizuri, kwa mikono na macho, kama alivyosimuliwa akiwa mdogo: jiwe lilivyopiga miayo, lilivyoinama kunywa, samaki walivyobaki wanaruka juu ya tope, mtemi na jicho lake moja, kambare na usingizi wake. Hata dereva alishuka garini akaja kusikiliza. Alipomaliza, Mzee Shimba alikuwa anatabasamu, na Kashindye akadhani ameokoka.

"Nzuri sana," mzee akasema. "Ya nani?"

"Si... yetu, babu? Ya Wasukuma?"

"Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa. Nimecheza ngoma upande wa Bagika miaka arobaini, na za wapinzani wetu Bagalu nazijua pia, maana adui lazima umjue nyimbo. Za mazimwi nazijua, za watemi nazijua. Hii sijawahi kuisikia."

"Labda umesahau, babu."

"Kusahau nasahau nilipoweka miwani. Jiwe linalokunywa ziwa lote, nisahau?"

Gidion akakohoa.

"Mama Rebeka, mimi nilishasema. Hii ni ya bibi yangu, Agutu, wa kule Shirati. Alinisimulia jikoni anakaanga dagaa, Mungu amrehemu. Ndiyo maana wazee wa huku hawaijui. Ni ya upande wetu wa ziwa."

"Unaapa?" Rebeka akauliza.

"Naapa kwa kaburi la bibi."

Rebeka akafungua mkoba. Akatoa karatasi moja, iliyochapwa tayari tangu Dar es Salaam, na hilo ndilo lililomuuma Kashindye kuliko yote, kwamba ilikuwa imeshachapwa. Ilisema kwamba yeye Kashindye Mayala anakubali kukiondoa kitabu chake kwa sababu hakikuwa kazi yake. Rebeka akaiweka juu ya stuli. Akatoa kalamu, akaifungua kifuniko, akamwekea mkononi.

"Samahani," akasema. "Saini hapa chini. Afadhali hivi kuliko mahakamani."

Kashindye akaishika ile kalamu. Kama alivyokuja kusimulia mwenyewe, aliona buti nyeupe zinamsubiri mlangoni. Alimsikia Princess: nimewaambia vizuri? Mkono ulikataa kwenda kwenye karatasi. Akaomba jambo moja tu.

"Naomba nisome hiyo ya kaka Gidion. Kama nimeiba, nijue nimeiba nini."

Gidion akamsukumia faili. Kashindye akasoma, na kweli, ilikuwa kama kujiona kwenye kioo cha mtu mwingine. Miayo ilikuwepo, tope lilikuwepo. Akafika pale ambapo watu wanaliuliza jiwe: *Unataka nini uturudishie ziwa letu?* Akasoma jibu. Akalirudia. Akadhani macho yamejaa machozi. Akayafuta, akasoma mara ya tatu.

"Kaka Gidion. Hapa umekosea kuchapa."

"Wapi?"

"Hapa. Jiwe linasema, 'Nileteeni karamu.'"

"Limesema sawasawa. Lina njaa. Watu wanapika, kila ukoo unaleta chungu chake, jiwe linashiba linatapika ziwa. Si ndiyo hadithi yenyewe?"

"Langu linaomba kalamu. Ya kuandikia. Binti anaichukua analiandika ziwa tone kwa tone mpaka linarudi, na kila tone linamtoa kumbukumbu moja kichwani. Ndicho kitabu kizima!"

Gidion akacheka, kicheko cha mwalimu aliyeona kosa la mwanafunzi. "Basi wewe ndiye uliyekosea, dada. Tatizo lenu Wasukuma kila r mnaigeuza l. Kura mnasema kula, karamu mnasema kalamu. Hata yule mzee alisema kalamu, ikabidi mimi nitumie akili niirudishe..."

Akanyamaza. Lakini neno lilikuwa limeshatoka na kukaa katikati yao barazani.

"Mzee gani?" Rebeka akauliza polepole.

"Nimesema bibi."

"Umesema mzee. Bibi yako ni Mjaluo. R na l hazikumsumbua. Mzee gani, Gidion?"

Shati lililopigwa pasi likaanza kulowa mgongoni. Mzee Shimba akaiweka ngoma pembeni ili asikie vizuri. Naye Kashindye akatoa simu akampigia mjomba wake, akaweka sauti ya nje, na kidole mdomoni: nyamazeni wote.

Safari hii ikapokelewa.

"Halo? Mwanangu? Sema upesi, jino hili..." Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshika shavu. Nyuma yake kitu kilipiga kelele, glu-glu-glu-glu, kisha kikatulia.

"Pole, mjomba. Nikumbushe kitu kimoja tu. Lile jiwe, walipoliuliza linataka nini, lilisema nini?"

"Lilisema," na hapo jino likaacha kuuma ghafla, maana huyu mzee hadithi ikimgusa husahau hata njaa, "lilisema kwa sauti ya ngulumo: Nileteeni KALAMU!"

Gidion akaruka kwenye kiti. "Ndiye huyu! Mzee wa foleni ya macho!"

"Nani huyo?" simu ikauliza. "Ni yule kijana wa miwani? Ah, msalimie! Tulikaa naye kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka saa nane tunasubili daktali wa macho. Kijana mzuli sana, alininunulia soda na maandazi."

Rebeka akamtazama Gidion. Gidion akatazama sakafu. "Nilimweka bibi," akasema chini chini. "Ilionekana vibaya kuandika 'nimesimuliwa na mtu kwenye foleni.' Kitabu hakina heshima hivyo."

Lakini hukumu ilikuwa bado. Kuwa wawili waliodanganywa na mdomo mmoja hakukuwasha mashine. Mzee Shimba akanyoosha mkono akachukua simu.

"Nkwabi. Ni Shimba."

Simu ikajibu kwa ile sauti ya nyuma. Glu-glu-glu-glu.

"Shimba wa Bujola? Si uko Kahama?"

"Nimerudi. Hii hadithi umeitoa kwa nani?"

"Kwa... wazee."

"Wazee gani?"

"Wazee wa jineli."

"Wataje."

"Wa kwanza ni Nkwabi," simu ikasema hatimaye. "Basi. Ni mimi peke yangu."

Kashindye akainama karibu na simu. Alijua swali linalofuata ndilo litakaloamua kitabu chake ni kitu gani.

"Mjomba. Hasira sina. Niambie kweli mara moja tu katika maisha yako. Ulikusudia nini, kalamu ya kuandikia, au karamu ya kula?"

"Mama, siku ile niko stoo, posho haijaletwa tangu jana, tumbo linalia kama mtoto. Unafikili jiwe lingeomba nini?"

Simu ikakatika. Chaji, bila shaka.

Gidion akapumua kama mtu aliyeshinda. "Mmesikia? Karamu. Yangu ndiyo sahihi."

"Yako ndiyo sahihi," Kashindye akasema, na akashangaa kujisikia anasema kwa utulivu. "Umeandika alichosimulia mzee, umefika mpaka mwisho wake. Mimi nilisikia vibaya. Nilikuwa na miaka minane. Kalamu hakunipa babu, hakunipa mjomba, hakunipa Msukuma yeyote. Niliiokota mwenyewe kwenye sikio langu." Akamgeukia Rebeka. "Dada, zilinganishe. Mpaka jiwe linapofungua mdomo, sisi wote tumembeba Mzee Nkwabi. Linapotamka, tunaachana. Kama ningekopi kwenye karatasi ya huyu, ningekopi na r yake."

Rebeka akatoa mkobani nakala ya Kashindye, akaiweka magotini pamoja na ya Gidion, akasoma. Alisoma nusu saa nzima. Mzee Shimba akarudi kwenye vigingi vyake, ko, ko, ko. Mwishowe Rebeka akaichukua ile karatasi iliyochapwa Dar es Salaam, akaikunja mara nne, akairudisha mkobani, akapiga simu.

"Mkurugenzi, samahani," akaanza, na Kashindye aliposikia ile samahani akajua yule ni Rebeka wake wa siku zote. "Siyo wizi. Ni mzee mmoja. Ndiyo. Hapana, hajafa. Washeni mashine, lakini utangulizi unabadilika."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye utangulizi yakaondoka maneno *simulizi ya kale*, yakaingia haya: *Mwanzo wa hadithi hii ni uongo wa mjomba wangu. Makosa ya kusikia ni yangu, na ndiyo kitabu chenyewe.* Gidion akamwondoa bibi Agutu kwenye utangulizi wake, na Rebeka akaahidi kuisoma *Karamu ya Jiwe* ikishasafishwa. Wakiwa njiani kurudi, Kashindye akamjibu Princess kwa sauti: "Uliwaambia vizuri, mdogo wangu. Ila kuna kichekesho nitakusimulia."

Hapa ndipo nilipoweka nukta, nikaziacha kurasa hizi mezani, nikaenda kuchota maji. Niliporudi nikawakuta wawili kibarazani kwangu Butimba, wamekalia viti vyangu, wanasoma. Kashindye na yule kijana wa miwani.

"Mjomba," Kashindye akasema, "huyu Mzee Nkwabi mrefu ni yupi?"

"Ni mtu ninayemfahamu."

"Simama basi karibu na mlango tumwone."

Nikasimama. Kichwa changu hakikufika mbali kwenye huo mlango. Sawa. Ni mimi.

"Ulefu ni maoni," nikawaambia. "Mtu hawezi kushitakiwa kwa maoni."

"Tuuache urefu." Kashindye akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole. "Hapa unaapa kwa meno yako yote, kamili, juu na chini. Na hapa," akageuza kurasa, "Mzee Nkwabi yuko Ukerewe anang'olewa jino la nyuma, upande wa kushoto. Mjomba, fungua mdomo."

"Mbele ya mgeni?"

"Fungua."

Nikafungua. Kijana wa miwani akasogea na tochi ya simu, akahesabu kwa sauti kama anasahihisha mtihani. Alipofika thelathini na mbili hakukuwa na pengo. Na wakati huo huo, ng'ambo ya ua, bata mzinga wa Sabina akapaza sauti, glu-glu-glu-glu, mnyama asiye na adabu.

"Huko Ukerewe," Kashindye akasema, "na wenyewe wana bata mzinga?"

Nikafunga mdomo. Siku tatu nzima nilikuwa kwenye stoo ya Sabina, kati ya pumba na karanga.

"Umeapa nini, mjomba, ukikutwa?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikaingiza mkono mfukoni mwa shati, nikatoa kalamu yangu ya bluu, nikamkabidhi kwa mikono miwili. "Kalamu. Angalia, nimeandika mwenyewe, l kubwa ya kuonekana. Kwenye kalatasi mimi r zangu na l zangu naziweka kila moja mahali pake."

"Kwenye karatasi, ndiyo," Gidion akasema. "Lakini kiapo huapwa kwa mdomo, mzee wangu. Tusomee hicho kiapo, tusikie."

Nikasoma. Nilijitahidi, nikauviringisha ulimi, nikaukunja, lakini mdomoni mwangu kalamu na karamu ni neno moja. Walipasuka kwa kicheko mpaka Sabina akachungulia ukutani kuuliza kuna nini.

"Umesikia mwenyewe, Mama Sabina?" Kashindye akamwita. "Mjomba ametoa karamu!"

"Mimi nimesikia karamu," Sabina akasema, shahidi wa uongo aliyeshiba karanga zake.

Kwa hiyo nimelipa. Jumamosi Mzee Shimba alikuja na ngoma yake, Dada Rebeka akatuma kitabu chenye harufu ya wino, Princess akaja na wenzake saba wenye uzi wa bluu, na yule bata mzinga mkubwa, adui yangu, akaingia chunguni kwa gharama yangu. Waliniketisha kwenye kiti cha jiwe, eti mimi ndiye lile jiwe lenye njaa. Wakaniletea mfupa.

Na ile kalamu Kashindye hakunirudishia. Alisema alihukumu zote mbili, kalamu na karamu. Ndiyo maana nukta hii ya mwisho mnaiona imefifia: nimeiweka kwa penseli.